Uvumi tisa unaozunguka Dzaleka, na ukweli wake

Ukipanda minibasi Lilongwe kuelekea kaskazini kwa barabara ya M1, ukapita njia panda ya Dowa, kisha Mponela, hadi Madisi, utasikia mengi kuhusu Dzaleka kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuikanyaga. Ukirudi Dzaleka ukakaa kwenye kibanda cha kuchajia simu, utasikia mengi pia: kuhusu Wamalawi, kuhusu HCR, kuhusu mashine, kuhusu ndege za kwenda Amerika. Mengine ni ya kuchekesha tu. Mengine yamewagharimu watu pesa zao zote, na mengine yamewagharimu maisha.

Kazi yangu ni mawasiliano, kwa hiyo uvumi hunifikia kila wiki. Nimechagua tisa tunaousikia mara kwa mara. Nimeanza na mwepesi na kumalizia na ule unaoumiza zaidi. Soma hadi mwisho, halafu msomee na jirani asiye na simu.

1. "Dzaleka ilijengwa kwa ajili ya wakimbizi"

Si kweli. Kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza. Wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda, watu waliopinga serikali walifungwa hapa. Jina lenyewe linatokana na kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha. Lilibeba onyo kwamba aliyepita hapa hatarudia tena. Ilipofika 1994, Banda aliposhindwa katika uchaguzi wa vyama vingi, mwaka huohuo mahali hapa pakafanywa kambi ya kupokea watu waliokuwa wakikimbia vita vya eneo la Maziwa Makuu.

Kambi ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tuko zaidi ya 50,000. Unapopanga foleni ndefu bombani, sababu kubwa ni hesabu hiyo.

2. "Malawi haijawahi kuona wakimbizi wengi kama sisi"

Uvumi huu husemwa na wenyeji na wakimbizi pia. Ukweli utakushangaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Malawi ilikuwa inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni moja kutoka Msumbiji, waliokuwa wamekimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wakati huo Wamalawi wenyewe hawakufika milioni 10. Yaani kwa kila Wamalawi kumi, palikuwa na mkimbizi mmoja au zaidi. Wengi walirudi kwao baada ya mkataba wa amani uliosainiwa Roma tarehe 4 Oktoba 1992.

Kwa hiyo mzee wa Dowa akikuambia kwamba yeye anaijua hali ya wakimbizi, usimbishie haraka. Huenda alikuwepo.

3. "Wakimbizi wanapewa kila kitu bure"

Huu utausikia zaidi nje ya kambi, sokoni Madisi au Lilongwe. Mtu anaona kibanda cha Mkongomani kimejaa vitenge, anasema ni pesa ya UN. Wewe unayeishi Dzaleka unajua posho ya chakula ilivyopungua na jinsi isivyofika mwisho wa mwezi.

Kuna jambo ambalo jirani yako Mmalawi huenda halijui, na ni vizuri umweleze kwa upole. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini kwa masharti. Baadhi ya vifungu serikali ilisema haitabanwa navyo, vikiwemo vya kuajiriwa, kumiliki mali na kwenda popote. Ndiyo maana mwaka 2023 serikali iliweza kuwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na wengi walipoteza maduka yao. Mtu anayepewa kila kitu bure asingekuwa na duka la kupoteza.

Na lipo lingine la kumwambia: kituo cha afya cha Dzaleka kinatibu wakimbizi na pia Wamalawi wa vijiji vinavyotuzunguka. Huduma inayoletwa kwa ajili ya mkimbizi humfikia na mwenyeji.

4. "Kichewa ni lugha ngumu, mtu wa Kiswahili hawezi kuijua"

Kichewa na Kiswahili ni ndugu wa ukoo mmoja. Nyumba ni nyumba, moto ni moto, nyama ni nyama, mbuzi ni mbuzi, mwana ni mwana. Hapo hujajifunza chochote, na tayari una maneno matano.

Kuna njia mbili rahisi za kukisia mengine. Kwanza, mara nyingi pale Kiswahili kinaposema j, Kichewa kinasema dz: maji ni madzi, jina ni dzina, jino ni dzino. Pili, Kichewa kimehifadhi sauti l ambayo Kiswahili kiliiacha njiani: mvua ni mvula, njaa ni njala, kuvaa ni kuvala. Lakini chunga maneno yanayofanana kwa sura tu. Kupita kwa Kichewa ni kwenda. Mtu akikuambia anapita ku Madisi, anakwenda huko. Hapiti tu njiani.

Upepo unavuma na upande wa pili. Mwaka 2019 nchi za SADC, Malawi ikiwemo, ziliikubali lugha yetu kuwa mojawapo ya lugha rasmi za jumuiya hiyo. Mwaka 2023, wakati Rais Samia Suluhu Hassan alipoitembelea Malawi, Rais Chakwera alitangaza kwamba Kiswahili kiingizwe katika shule za nchi hii. Kiswahili chako ni mtaji. Kijana anayekijua vizuri pamoja na Kichewa na Kiingereza ana kazi ya ukalimani au ualimu mikononi mwake.

5. "Mashine ya kupiga picha ya jicho inaharibu macho"

Hii ni mashine ya uandikishaji, ile inayochukua alama za vidole kumi na picha ya mboni za macho. Wapo wanaosema inapofusha, na wapo wanaosema inanyonya nguvu.

Ile ni kamera. Inatumia mwanga hafifu usioonekana kwa macho, wa aina ileile inayotoka kwenye rimoti ya televisheni. Haikugusi na haichukui damu. Mistari iliyo ndani ya jicho lako hailingani na ya mtu mwingine yeyote, hata pacha wako, kwa hiyo hakuna anayeweza kuchukua posho yako kwa jina lako. Hata kadi ikiungua au ikiibwa, jicho lako linathibitisha kuwa wewe ni wewe.

Jambo ambalo wengi hawalijui: mfumo huu unaotumiwa sasa na HCR katika nchi nyingi duniani ulijaribiwa hapahapa Dzaleka, mwishoni mwa 2013. Wazee wetu wa kambi waliweka macho yao kwenye ile kamera kabla ya mamilioni ya watu wengine. Na macho yao bado wanayo.

Hata hivyo, una haki ya kuuliza taarifa zako zinatumiwa kwa kazi gani na nani mwingine atazipata. Swali hilo si utovu wa adabu. Uliza kabla ya kuweka kidole.

6. "Ukila maembe mengi mabichi utapata malaria"

Mama zetu wengi walituambia hivi, kuanzia Uvira hadi Bujumbura. Hawakuwa wajinga, waliona kitu cha kweli wakakielewa vibaya. Maembe yanakuja na mvua. Mvua inaleta madimbwi, madimbwi yanaleta mbu, mbu wanaleta malaria. Mtoto anakula embe Desemba, anaugua Desemba, embe linashtakiwa.

Hata wataalamu waliwahi kukosea namna hiyo. Neno malaria linatokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya, kwa sababu watu waliamini ugonjwa unatoka kwenye harufu ya vinamasi. Mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, akiwa India, alipoonyesha kwamba vimelea vinakua ndani ya mbu.

Mwache mtoto ale embe lake, ila lioshwe. Chandarua ndicho kisikosekane. Na ujue pia kwamba Malawi ilikuwa nchi ya kwanza kuanza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto katika mpango wa majaribio, tarehe 23 Aprili 2019. Ukiambiwa zamu ya mwanao imefika, mpeleke.

7. "Klorini ndiyo inayoleta kipindupindu"

Hapa tunaanza kuingia kwenye uvumi unaoua. Kosa lake ni lilelile la embe. Watu wa afya huja na klorini mahali ambapo kipindupindu kimeshafika au kiko karibu. Anayeangalia kwa mbali anaona klorini leo, wagonjwa kesho, anaunganisha. Ni kama kusema gari la zimamoto ndilo linalochoma nyumba, kwa kuwa kila nyumba inapoungua gari hilo huonekana.

Kaskazini mwa Msumbiji, uvumi huu uliongezewa nguvu na lugha. Kwa Kireno klorini inaitwa cloro, na kipindupindu kinaitwa cólera. Maneno yanakaribiana, na watu waliposikia kwamba cloro imetiwa kisimani, walielewa kwamba wametiliwa ugonjwa. Wahudumu wa afya na viongozi wa mitaa walishambuliwa, na wengine waliuawa. Sisi Waswahili wa Kongo tunaosema kolera tujihadhari, kwa maana masikio yetu yanaweza kutudanganya vilevile.

Mlipuko ulioanza Malawi Machi 2022 ulikuwa mbaya kuliko wowote katika historia ya nchi hii. Watu zaidi ya 58,000 waliugua na zaidi ya 1,700 walikufa. Kipindupindu huletwa na bakteria anayetoka kwenye kinyesi cha mgonjwa na kuingia kwenye maji au chakula. Klorini humuua. Ukitia dawa kwenye ndoo, subiri dakika 30 kabla ya kunywa.

Mtu akianza kuharisha maji mfululizo, mkimbize kituo cha afya. Mkiwa njiani mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kipindupindu kinaua kwa kukausha maji mwilini, na kinaweza kufanya hivyo ndani ya saa chache.

8. "Wazungu na mashirika wananyonya damu"

Uvumi huu una majina mengi. Pwani ya Tanzania na Kenya wanasema mumiani. Nairobi na Kampala za wakati wa ukoloni ziliwaogopa wazimamoto, watu wakaamini kwamba wafanyakazi wa zimamoto huwakamata wapita njia usiku. Wale wa Katanga wanawajua batumbula. Hapa Malawi wanaitwa anamapopa. Mtafiti wa historia Luise White alikusanya habari hizi kutoka nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati, akaandika kitabu kizima kuzihusu, kilichotoka mwaka 2000.

Hata neno mumiani lina safari yake. Asili yake ni Kiajemi, jina la kitu cheusi kama lami kilichotumiwa kama dawa. Watu wa Ulaya walidhani maiti za kale za Misri zimehifadhiwa kwa dawa hiyo, na kwa karne nyingi maduka yao ya dawa yaliuza unga wa maiti hizo, watu wakaunywa. Kwa hiyo babu zetu waliposhuku kwamba wageni wanatengeneza dawa kutokana na miili ya watu, hawakuwa wameota tu. Wakati wa ukoloni watu walichukuliwa nguvu zao kwenye migodi na mashamba, walipimwa na kuchomwa sindano bila kuelezwa. Uvumi wa damu ulikuwa namna ya kulisema hilo.

Lakini uvumi wenye sababu bado ni uvumi, na tazama unachofanya. Mwishoni mwa 2002, wakati wa njaa, yalienea maneno kwamba serikali ya Malawi inabadilishana damu ya watu na chakula cha msaada. Mapadre walipigwa. Mwaka 2017 maneno yalirudi katika wilaya za kusini kama Mulanje na Phalombe. Makundi ya watu yaliweka vizuizi barabarani, Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake kwa muda, na serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku. Watu kadhaa waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wanyonya damu. Mmoja wao, huko Blantyre, alikuwa kijana mwenye kifafa. Alichomwa moto.

Sasa fikiria damu yenyewe. Ikitoka nje ya mwili bila kuingia kwenye mfuko wenye dawa maalum, inaganda ndani ya dakika chache. Lazima ikae kwenye friji, na hata hapo huharibika baada ya wiki tano au sita. Lazima ipimwe Virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, na lazima kundi lake lilingane na la anayepewa. Damu iliyoibwa usiku kwa mtu asiyejulikana haina kazi kwa hospitali yoyote.

Mtu mzima ana lita tano hivi za damu. Anayechangia kwa hiari hutoa chini ya nusu lita, na mwili wake huirudisha. Na je, damu hiyo inakwenda wapi? Inakwenda kwa mama aliyevuja sana wakati wa kujifungua, na kwa mtoto ambaye malaria imemmaliza damu hadi viganja vyake vimekuwa vyeupe. Wagonjwa wa namna hiyo wapo Dowa na Lilongwe, na baadhi yao wanatoka kwenye mistari ya nyumba zetu. Uvumi unapomzuia mtu kuchangia, wanaoumia ni hao.

9. "Ukilipa, kesi yako ya kwenda nchi ya tatu inasogezwa mbele"

Tumefika kwenye uvumi ambao nimeuona ukiwaliza watu wazima. Nimeuweka mwisho ili ukumbuke huu kuliko yote.

Kila hatua ya safari ya nchi ya tatu kwa njia ya HCR ni bure: fomu, mahojiano na uchunguzi wa afya. Hakuna ada, hakuna "soda", hakuna "pesa ya faili". Kuna jambo moja linalowachanganya watu. Marekani ilikuwa ikiwapa wakimbizi tiketi kwa mkopo kupitia IOM, na mkopo huo ulilipwa kidogokidogo baada ya kufika huko. Haulipwi Dzaleka, na haulipwi kwa wakala yeyote wala kupitia Airtel Money au Mpamba.

Hakuna orodha ya "aliyefika kwanza aondoke kwanza" pia. HCR huangalia uhitaji, kwa makundi saba: wenye hatari ya kisheria au ya mwili, waliopitia mateso au ukatili, wagonjwa wasioweza kutibiwa hapa, wanawake na wasichana walio hatarini, watoto walio hatarini, familia zilizotengana, na wasio na suluhisho lingine linaloonekana. HCR hupendekeza tu. Anayekubali au kukataa ni serikali ya nchi inayopokea. Na nafasi ni chache mno: duniani kote, wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki hata mmoja katika mia.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wameshapewa tarehe za safari wakabaki. Habari kama hiyo ikitoka, watu huvunjika moyo, na hapo ndipo mtu anayedai kuwa na "njia" hupata wa kumsikiliza. Familia inauza kibanda chake, inauza cherehani, inatuma pesa kwa namba ya simu. Wiki inayofuata namba haipatikani.

Mtambue tapeli kwa dalili hizi. Anataka pesa. Anakuharakisha. Anakwambia usimwambie mtu. Anaomba namba ya kesi yako au picha ya karatasi zako. Anadai anamjua mtu ofisini. Hata kama kweli anafanya kazi ofisini, bado ni tapeli, kwa sababu mfanyakazi anayeomba pesa anavunja kanuni za kazi yake. Unaweza kumshtaki kwa ofisi ya HCR au moja kwa moja kwa Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa HCR iliyoko Geneva. Malalamiko hutunzwa kwa siri, na kuripoti kwa ukweli hakuharibu kesi yako.

Kama umeshalipa, usijifungie ndani kwa aibu. Wasomi wametapeliwa, wachungaji wametapeliwa. Ukinyamaza, tapeli atahamia nyumba ya pili.

Kabla hujasambaza ujumbe

Ujumbe wa WhatsApp ukiingia na kukutetemesha, jiulize maswali manne. Nani ameusema kwanza, ana jina na ofisi? Una tarehe, au ni wa miaka mitano iliyopita? Yupo mtu mwingine asiyemjua huyo wa kwanza anayesema jambo hilohilo? Na nikiusambaza na kumbe si kweli, nani ataumia?

Swali la nne ndilo kubwa. Uvumi wa embe ukikosea, mtoto anakosa tunda. Uvumi wa klorini ukikosea, mtaa mzima unakunywa ugonjwa. Uvumi wa damu ukikosea, kijana mgonjwa anachomwa moto na watu waliodhani wanalinda watoto wao.

Kama jibu hulijui, kaa na ujumbe huo hadi kesho. Muulize mhudumu wa afya wa jamii, kiongozi wa eneo lako, au njoo kwenye dawati la taarifa. Hakuna swali tutakalolicheka. Mengi ya haya tisa niliyajua kwa sababu mtu alikuja kuuliza badala ya kusambaza.